Kikojozi wa Nyumba Yetu

Mimi na mke mwenzangu tunalala chumba kimoja, kitanda changu dirishani, chake mlangoni. Ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu, ila tangu anajifunza kusema tunaitana hivyo, na utani wetu haujawahi kuisha. Ana miaka ishirini na saba na anakojoa kitandani. Si kila siku. Akichoka sana, au akiwa na jambo moyoni, naamka nakuta shuka limeloa, nalivuta, nalifua kimya kimya. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Sijawahi kuifungulia mdomo.

Kazi yake anaifanyia hapa hapa sebuleni: anajibu wateja wa kampuni ya tiketi za ndege. Kompyuta ni moja, lakini ndani yake intaneti kaigawa milango miwili, kila mmoja unaitwa profaili. Wa kazi una duara la bluu. Wa mambo yake una picha ya ua la waridi.

"Bibi, huu haujui yanayofanyika kule, na ule haujui ya huku," aliniambia. "Kama wake wenza walionuniana."

Tulicheka sana siku hiyo. Kwenye mlango wa ua ndiko alikokuwa akiulizia dawa, kisha ananisomea majibu. Yote yalimwambia aende kwa daktari. Hakwenda, aliona haya.

Basi ikafika siku ya kumchagua msimamizi wa zamu. Walibaki wawili, yeye na kijana mmoja wanayemwita Kasuku, kwa jinsi mdomo wake usivyotulia. Kila mmoja alitakiwa aonyeshe kwenye skrini, wakubwa na wenzake wote wakitazama, namna anavyomsaidia mteja aliyeachwa na ndege. Cheo hicho mke mwenzangu alikuwa anakiota. Alivaa blauzi ya pasi juu, chini suruali ya kulalia. Mimi niliambiwa nikae kwenye kochi, nisikohoe.

Kasuku alitangulia, akafanya vizuri. Zamu ya mke mwenzangu ilipofika, alikuwa na haraka ya kuanza. Milango yote miwili ilikuwa wazi kwenye kompyuta, naye akawaonyesha wa ua. Hakuangalia. Akabonyeza kile kisanduku cha kutafutia, na yale aliyoyauliza siku za nyuma yakashuka yenyewe, moja chini ya jingine. Hata mimi niliyeishia darasa la nne niliyasoma kutoka pale nilipokaa. *Dawa ya mtu mzima kukojoa kitandani. Kikojozi anaweza kuolewa?*

Kasuku akasema, "Samahani dada, huyo mteja kaachwa na ndege au kaachwa na choo?"

Walicheka mpaka kompyuta ikakwaruza. Mkuu wao, mama mmoja wa miwani, alijikaza, ila mabega yalimcheza. "Jamani, jamani, tuendelee."

Mke mwenzangu hakuendelea.

"Si mimi," akasema. "Ni bibi yangu. Mzee, hajiwezi. Kila asubuhi mimi ndiye nafua mashuka."

"Kwa hiyo bibi ndiye anatafuta mchumba?" akauliza Kasuku.

"Uzee umempanda kichwani," akajibu, na sasa yeye pia anacheka. "Ngojeni mumwone."

Akaigeuza kompyuta inielekee.

Nikajiona pembeni, mdogo, kilemba kimekaa upande, na nyuso zao zimenizunguka.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, wanangu."

"Bibi, godoro limekauka?" Kasuku huyo.

Mjukuu wangu alisimama nyuma ya kompyuta, wao hawamwoni. Alikutanisha viganja kama anayeomba dua. Mikono hiyo niliiosha mimi tangu haijui kushika kijiko.

"Bado, mume wangu," nikasema. "Likikauka njoo unioe."

Walicheka hadi wengine wakapaliwa. Mama wa miwani akafuta macho, akasema anayemtunza mzee namna hii hatashindwa na wateja. Cheo akakipata pale pale.

Nilidhani yameishia hapo. Jumamosi wakaja kumpongeza. Kasuku alileta pakiti ya nepi za watu wazima, imefungwa utepe mwekundu. Mjukuu wangu akaipokea, akanikabidhi mbele yao.

"Sema asante, Bibi," akaniambia, kwa sauti ya kusema na kiziwi.

Nikasema asante. Binti mmoja, kabla ya kukaa kwenye kochi, alilipapasa kwanza.

Asubuhi iliyofuata shuka lake lilikuwa limelowa chapachapa. Nikalivuta kama kawaida. Yeye kakaa kwenye kitanda changu kikavu, anachana nywele.

"Bibi, umeanza tena."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mke mwenzangu, hapa tuko wawili tu."

"Najua." Akaing'ata ile pakiti kwa meno, ikapasuka, akatoa nepi moja akaniwekea mapajani. "Uivae. Nimeshawaambia hata majirani."

Nikamtazama usoni nitafute mtoto wangu. Alikuwa anatafuta chanuo.

"Na hilo shuka leo kalianike wewe," akasema. "Pale mbele. Wakuone."

Nikalibeba. Lilikuwa zito, na bado lina joto lake.