Neno Ambalo Blandine Hakulisema

Emérita alipoteleza dukani kwa Blandine, pale Karuba, mambo yote yalifanywa inavyopasa. Mafuta ya mawese yalikuwa yamevuja kutoka kwenye bido, dumu la plastiki lililokaa karibu na mlango. Yeye aliingia akitazama sabuni za rafuni, na mara akajikuta chini, mkono wa kulia ukiwa umejikunja chini yake. Blandine alitoka mbio nyuma ya meza. Alimkalisha juu ya gunia la chumvi, akamfunga mkono kwa kitenge, akafunga duka saa ya wateja wengi, akapanda naye pikipiki mpaka kituo cha afya. Muuguzi alisema mfupa umepasuka karibu na kifundo cha mkono, akaufunga kwa vibao na bandeji. Blandine alinunua dawa, akamrudisha Emérita hadi mlangoni kwake, akaaga, akaenda zake.

Jioni, majirani walipoanza kuingia, ndipo Emérita alipogundua kilichokosekana. Kila aliyefika alisema pole. Umwali, wa nyumba ya juu kilimani, alisema pole kabla hajavua viatu. Hata mzee Hakorimana, ambaye hawakuwa wakisalimiana naye tangu ng'ombe wake walipoingia katika shamba la viazi la kina Emérita, alisimama nje ya ua, akasema pole, akaendelea na safari. Blandine peke yake, aliyemshikilia njia nzima asianguke, hakuwa amelisema neno hilo. Emérita aliirudia safari yote kichwani, labda maumivu yalimzuia kusikia. Hapana. Halikusemwa.

Umwali alijua la kufanya. Alikuwa ameishi Goma, na alieleza taratibu: muuguzi aandike alichokiona, watafutwe waliokuwepo dukani, kisha waende kwa chefu, mkuu wa kijiji, kabla watu hawajasahau mafuta yale. Ndagijimana, mume wa Emérita, alisema tu kwamba maharage yamekauka shambani, na mvua ikiyakuta humo yataota ndani ya maganda. Wote wawili waliona lazima mtu awajibike kwa mkono huo. Emérita hakubisha. Lakini kwenda kwa chefu kulikuwa kusimama mbele ya watu na kumwita Blandine mkosaji, Blandine yule ambaye mwaka wa kukimbia vita walilala naye chini ya turubai moja, blanketi moja. Baada ya hapo angeingiaje tena dukani kwake na kumtania?

Siku zikapita. Blandine alituma sukari, akatuma dawa nyingine. Mwenyewe hakuja.

Asubuhi moja Emérita alishuka, akiwa ameshamwambia mumewe kwamba anakwenda kwa chefu. Njia ilipita mbele ya duka, akaingia. Blandine alishtuka, akamvutia kiti, akauliza kama mkono unamruhusu kulala, kama dawa haimsumbui tumbo. Emérita alijibu yote. Kisha akasema:

"Mama Plamedi, niko naenda kwa chefu. Lakini mbele ya kufika nataka nikuulize. Juu ya nini hukuniambia pole?"

Blandine aliinamisha kichwa. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba dukani mshtuko ulimfunga mdomo. Baadaye, muuguzi akiwa kazini, alimpigia simu kaka yake Apollinaire, mfanyabiashara kule Butembo. Kaka alimwambia afanye yote, ila neno hilo asilitoe, maana watu watasema amekiri, na duka litapotea. Basi akalibana. Kesho yake likawa zito zaidi, akaogopa kuja, kwa kuwa akimwona Emérita lingemtoka tu.

Emérita alimfikiria huyo kaka, aliye mbali, akimhofia dada yake, na hakuweza kumkasirikia sana.

"Kaka yako iko na akili ya duka," alisema. "Lakini muntu akianguka, pole inatoka tu, hatuulizi kwanza nani njo alimuangusha. Hata Hakorimana aliniambia pole. Utasema njo yeye alinivunja mukono?"

Blandine alicheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijaisha. Akafuta macho.

"Pole, Mama Ngabo." Akavuta pumzi. "Na ile mafuta ilikuwa yangu. Niliona bido inavuja tangu asubuhi, nikasema nitapanguza kiisha. Sasa unaweza kwenda kwa chefu."

Maneno hayo Umwali angetaka yasikiwe na mashahidi. Emérita aliyasikia peke yake, akiwa amekaa, na akaona kwamba safari yake imekwisha.

"Chefu atanisaidia nini? Hajui kuvuna maharagi."

"Hata mie sijui muzuri."

"Utajifunza. Kesho uje mbele jua iwe kali. Na usitume muntu. Uje weye."

Blandine aliitikia. Kisha akaona kilemba cha mwenzake kimelegea, kimefungwa ovyo kwa mkono mmoja wa kushoto. Akasogea nyuma ya kiti, akakifungua, akaanza kukifunga upya, taratibu, akirudia neno lile kwa sauti ya chini, pole, pole. Emérita alimwacha aseme, ingawa mara moja ilikuwa imetosha.