Maharage ya Shangazi Ndani ya Gari-Nyumba

Wapangaji wa mwisho wa lile gari-nyumba walikuwa kuku wa Mzee Abdulkadiri, na kwa hali waliyoliacha, ungedhani walihama kwa ugomvi. Lilikuwa gari kuukuu la Wazungu waliokuja Benaco enzi za kambi ya wakimbizi: mbele basi, nyuma nyumba, lenye vitanda, sinki na makabati. Wenyewe walipoondoka, likapita mkono hadi mkono mpaka likaishia uani kwa mzee huyo, mfanyabiashara wa Biharamulo mjini ambaye babu yake alitoka Pwani akasahau njia ya kurudi. Tairi zikazama ardhini. Kutu ikala bati. Kuku wakaingia bila hodi.

Danstan alipolitazama, aliona nyumba.

Danstan ni fundi wa mashine za kusaga. Leo yuko Lusahunga, kesho Nyakahura, na popote usiku unapomkuta hulala juu ya magunia ya pumba, asubuhi akaamka mweupe kama mzimu wa unga. Alikuwa amemchumbia Happy, binti wa Mabawe kule Ngara, fundi wa umeme wa jua, ambaye naye hashikiki. Akishuka paa hili anapanda lile. Wakwe walikuwa na neno moja tu: nyumba kwanza, harusi baadaye.

"Nijenge nyumba, halafu akae nani?" Danstan alimuuliza Happy. "Mjusi? Sisi tunataka nyumba inayofuata watu."

Happy alicheka hadi akashikilia ukuta. Kisha akaenda kuliona lenyewe, akapita mkono kwenye ubavu wake, akagonga bati hapa na pale kama daktari anayepima kifua, akanyamaza. Danstan alijua kimya hicho. Ndivyo Happy anavyonyamaza akishapenda kitu.

Tatizo lilikuwa desturi. Kwenye ukoo wa kina Happy, shangazi ndiye anayeikagua nyumba ya muoaji. Huja na chungu cha maharage, akakiinjika ndani ya nyumba hiyo, akakaa nacho mpaka yaive. Yakiiva salama, nyumba imekubaliwa. Na desturi ya pili, kali kuliko ya kwanza: bibi harusi hakanyagi ndani mpaka siku atakapopelekwa. Akiingia kabla, hapelekwi tena, na bila kupelekwa harusi hakuna.

Sasa niambie, umeme unafungwa kutokea dirishani?

Happy aliingia. Aliingia kwa mlango wa nyuma, kofia imeshuka mpaka puani, na Mzee Abdulkadiri akajifanya anahesabu mawingu.

Kazi waliyoifanya wale wawili ilikuwa ya kuvulia kofia. Danstan aliishusha injini nzima, akaisafisha kifaa kwa kifaa, akabadilisha kilichokufa na kukiomba radhi kilichobaki. Bati lililooza alilikata, akachomelea jipya, akapiga puti, akapiga msasa, akapaka rangi ya maziwa na mstari wa kijani. Makabati ya zamani hakuyatupa. Aliyakwangua kinyesi cha kuku mpaka mbao ikatokea, nyekundu, yenye mishipa, nzuri hata ukaionea huruma kwa yote iliyoyaona.

Halafu akaja Happy na waya zake. Paneli juu ya paa, zimelala bapa kama kambare juani. Betri za kisasa chini ya kitanda, nyepesi, zisizotaka maji wala kubembelezwa. Taa zinazowaka ukipunga mkono, pampu inayopandisha maji bafuni, friji, feni ya darini kando ya kidirisha kinachofunguka, kamera ya kuangalia nyuma, jiko la umeme lisilo na mwali. Waya zote alizipitisha ndani ya kuta, zimefungwa kwa mpangilio kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka. Mwisho akabandika juu ya mlango kidude cheupe, kidogo kama kopo la mafuta ya kupakaa.

"Hicho nacho?" Danstan aliuliza.

"Pua. Inanusa hewa ya mkaa, ile isiyo na rangi wala harufu."

"Mkaa gani, na jiko ni la umeme?"

"Danstan mpenzi, wewe unamjua shangazi yangu?"

Shangazi Restituta alifika siku ya mvua, kashuka kwenye gari la abiria na chungu kichwani, jiko la mkaa mkononi, na Happy nyuma yake amejitanda kanga mbili, mpole kama mgeni wa ubatizo.

"Shikamoo shangazi," Danstan alisema.

"Marahaba. Nyumba iko wapi?"

"Ni hii."

Shangazi alilizunguka. Akaangalia tairi, akamwangalia Danstan, akaangalia tairi tena. "Nyumba yako imevaa viatu."

"Ili isichafuke miguu, shangazi!" Mzee Abdulkadiri alidakia kutoka barazani kwake.

"Wewe mzee nyamaza, hujaulizwa. Twende ndani. Happy, wewe baki mlangoni, usivushe hata kidole."

Danstan alimwonyesha jiko la umeme. Shangazi akalipapasa, akalikuta baridi, akacheka kwa dharau. Moto wa kukubali nyumba lazima uonekane, alisema. Akawasha mkaa wake chini ya kibaraza cha gari, lile turubai la ubavuni mbele ya mlango, ukashika, akauingiza ndani, akainjika maharage. Kisha akafunga madirisha yote na kuusogeza mlango, ukabaki ufa mwembamba, kwa sababu kwao Ngara kuna baridi na yeye alitaka kuona kama nyumba inashika joto. Ilishika. Danstan alikuwa ameziba kila tundu kwa fahari, akidhani adui ni mvua tu.

Nje, chini ya kile kibaraza, Happy aliutazama ule ufa. Akiita "fungueni dari," ataulizwa amejuaje kama dari linafunguka. Akinyamaza, je?

"Shangazi," alisema mwishowe, "si mfungue mlango kidogo?"

"Umeanza kuitawala nyumba kabla hujapewa? Tulia." Shangazi alijifuta jasho. "Hiki kichwa nacho kinanigonga. Safari hizi za uzeeni!"

Hapo kile kidude kikapiga ukelele kama jogoo aliyekanyagwa. Taa zikawa nyekundu. Feni ya darini ikaanza kuunguruma yenyewe. Danstan akaruka, akabonyeza swichi ya friji, akabonyeza ya pampu, maji yakamwagika bafuni, akasimama katikati ya nyumba yake mwenyewe kama mbuzi aliyeingia kanisani.

Happy hakufikiri. Aliingia kwa hatua moja, akavuta kishikizo cha dari bila hata kukitazama, dari likafunguka, akasukuma madirisha kwa kiwiko, akaepua chungu cha maharage, akanyakua jiko la mkaa kwa upindo wa kanga na kulitupa mvuani. Akamshika shangazi mkono, akamtoa hadi kibarazani, akampa hewa. Kelele zilipozidi akarudi, akainua godoro la kiti, akafungua kifuniko kilichofichwa chini yake ambacho hata Danstan alikuwa amekisahau, akabonyeza kitufe.

Kimya. Mvua tu.

Kila mtu alikuwa anaiangalia miguu ya Happy, iliyosimama ndani.

"Kumbe unaijua nyumba," alisema Shangazi Restituta polepole.

Danstan akaruka nje, akapiga magoti kwenye tope. "Shangazi, umeme wote humo ni mkono wake. Mimi nimepiga nyundo tu. Kosa ni langu."

"Na hicho kinacholia?"

"Kinanusa hewa ya mkaa," Happy alijibu. "Kichwa chako, shangazi, haikuwa safari."

Shangazi akajishika kichwa. Jirani yake kule Mabawe alilala na jiko la mkaa ndani msimu wa baridi, hakuamka. Shangazi mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwosha. Akanyanyua macho, akakitazama kile kidude cheupe kwa muda mrefu, kwa adabu, kama anavyomtazama mtu aliyemsaidia njiani.

"Maharage yangu mabichi," alisema. "Yainjike kwenye hilo jiko lako baridi."

Happy akahamishia maharage kwenye sufuria, akagusa kioo cha jiko. Baada ya muda maji yakatokota. Shangazi akainama, akachungulia chini, akachungulia pembeni.

"Moto uko wapi?"

"Tuliutoa juani jana, shangazi, tukauweka chini ya kitanda."

Shangazi Restituta alitikisa kichwa, kisha, bila kutaka, akacheka. Walikaa mpaka maharage yakaiva, akayaonja, akaongeza chumvi, akaonja tena.

"Sikilizeni. Nyumba nimeikubali. Haijapata kutokea nikakagua nyumba inayomlinda mkaguzi. Lakini wewe binti umeshaingia, na aliyeingia hapelekwi. Desturi siivunji." Happy akainamisha kichwa. "Kwa hiyo hutapelekwa. Nyumba ndiyo itakuja Mabawe kukuchukua, watu wote wakiiona."

Mzee Abdulkadiri alipiga vigelegele kule barazani, mwanaume mzima. Danstan yeye alikuwa amegeuka kuiangalia injini, uso umesawijika.

"Shangazi, kile kilima cha Mabawe… na kama haitapanda?"

"Utasukuma," alisema Shangazi Restituta, akijipakulia. "Kwani ulidhani mke anapatikanaje?"