Hakupatikana

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda ukuta wa jirani, Bi Pole aliipooza chai ya mama yake kwa kuimimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, mara saba, mara nane, mpaka mvuke ukome. Mama hakutaka chai ya moto wala ya baridi. Alitaka chai iliyokata hasira.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye mara ya tano mlango ulipogongwa. Chai ikammwagikia kidole.

"Hodi wenyewe!"

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Aliufungua nusu, akabaki ameushikilia. Nje alisimama tarishi wa mahakama, mzee mwembamba mwenye mkoba kwapani na viatu vilivyolika visigino upande mmoja.

"Shikamoo, mama. Ni mimi tena."

"Marahaba. Hayupo."

"Mbona sijasema namtafuta nani?"

"Kwani hapa kwetu wewe humtafuta nani mwingine? Kasafiri."

"Wiki jana kasafiri, wiki juzi kasafiri. Mama, ulizaa mtoto au ulizaa ndege?"

Huko nyuma, bafuni, maji yalikuwa yakimwagika kopo kwa kopo na mtu akipiga mluzi. Mara mluzi ukakatika, na maji nayo yakanyamaza.

Tarishi alimgeukia Bi Pole. "Na wewe, dada? Ndugu yako hujamwona?"

Bi Pole alikitazama kidole chake kilichoungua. "Ndivyo alivyosema mama," akajibu.

Mzee hakukasirika. Alimtazama tu, kama mtu anayetazama ngazi anazotakiwa kuzipanda tena. "Haya. Lakini miguu hii si ya serikali, dada. Serikali ilinipa mkoba tu, miguu nilikuja nayo mwenyewe." Akatoa kijitabu, akaandika neno moja, akaondoka. Bi Pole hakuhitaji kulisoma. Mara mbili zilizopita aliandika lilo hilo: hakupatikana.

Ndugu yake akatoka bafuni na taulo begani, kicheko mdomoni. "Kaondoka yule babu?"

Alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile, mwanamume wa miaka thelathini na minne ambaye mama bado alimwita "baba". Alikichukua kikombe kilichopozwa, akanywa mafunda matatu, akampigapiga dada yake begani. "Wewe ndiye dada. Ulimi wako una kufuli."

Maneno hayo Bi Pole aliyasikia tangu usichana wake, nayo siku zote yalikuwa sifa. Jina lenyewe la Bi Pole alipewa kwa sababu ya upole huo. Hakuna aliyewahi kumsikia akilisema jambo kwa kulinyoosha. Hata njaa yake aliisema kwa kuuliza kama wengine wameshakula.

Miezi saba iliyopita, katika sebule hiyo hiyo, ndugu yake alimvunja mkewe mkono. Bi Pole alikuwapo, amesimama mlangoni na sinia la vyombo. Majirani walipouliza, alisema mambo ya ndani yana wenyewe. Wifi yake aliondoka na binti yao wa miaka saba, akapanga chumba, akaanza kulea peke yake. Mume alimfuata mara mbili. Mara ya pili aliupiga mlango mateke mpaka bawaba zikang'oka. Ndipo wifi akaenda mahakamani kuomba amri ya ulinzi, ya kumzuia mtu huyo asikaribie chumba chake wala shule ya mtoto. Lakini hakimu hakuweza kulisikiliza shauri hilo mpaka mume mwenyewe akabidhiwe mkononi samansi, karatasi ya kumwita mahakamani. Na mwenyewe, kila samansi ilipokuja, alikuwa anaoga.

*

Bi Pole alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka yaliingia machafu na kutoka safi, yakarudi machafu, na hivyo ndivyo miaka kumi na tisa ilivyokwisha. Saa sita mchana, akiwa anakunja, alimwona wifi yake amesimama dirishani, amemshika binti mkono.

"Wifi, za kazi?"

"Nzuri tu. Pole na jua. Ingieni."

Wifi aliketi juu ya marobota bila kungoja kualikwa mara ya pili. Alikuwa msusi, na zamani vidole vyake vilikwenda mbio kuliko umbea. "Siku hizi nasuka vichwa viwili, basi," alisema, akiukanda mkono. "Cha tatu mkono unagoma kama punda."

"Pole, wifi."

"Nimeshapoa. Nimepoa mpaka nimeganda." Alicheka kidogo, kicheko kikaishia njiani. "Nimetoka kwa karani. Shauri linatajwa kesho saa tatu. Kasema samansi ikirudi tena bila kupokelewa, jalada linafungwa. Nitaanza upya, kama nguvu ya kuanza upya ninayo. Sijui kama ninayo."

Bi Pole aliendelea kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Sikuja kukuuliza alipo," wifi akasema. "Yule ni damu yako. Nimekuja kuomba umchukue mtoto siku mbili tatu, kama ni kweli kwenu halali tena. Jana baba yake alimngoja langoni mwa shule. Mwalimu ndiye aliyemficha."

Mtoto alikuwa amekwenda mlangoni, anaupapasa ubao kutoka chini kwenda juu. "Shangazi," aliuliza, "mlango huu komeo lake liko wapi?"

"Hauna komeo, mwanangu. Hapa ni kazini tu."

Mtoto alifikiri. Kisha akaliburuta robota moja la mashuka, akaliegemeza mlangoni, akalikalia. Mama yake hakumkataza. Alionekana amezoea.

Bi Pole alitaka kusema, Mlete, huyu ni mwanangu, atalala kwangu. Ndipo akakumbuka ni nani mwingine anayelala nyumbani kwao.

"Tutaona, wifi," alisema. "Siku hazigandi."

"Haya," wifi akajibu, na lile "haya" lilikuwa jepesi kama ganda tupu. Aliinuka kwa kujisukuma na mkono mmoja.

Walipokwisha kuondoka, Bi Pole alilirudisha robota mahali pake. Lilikuwa bado na joto la mtoto. Akakaa juu yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa za kazi, kisha akaenda kwa msimamizi kuomba ruhusa.

"Bi Pole anaomba ruhusa!" msimamizi akapaza sauti. "Jamani, anueni nguo, leo mvua itanyesha mashuka! Kuna nini?"

"Kuna mtu nakwenda kumwangalia."

*

Tarishi alikuwa kwenye benchi la ujia wa mahakama, viatu amevivua, anaipumzisha miguu kwenye sakafu ya baridi. Bi Pole alikaa upande wa pili wa benchi, akaacha nafasi ya watu wawili.

"Saa kumi hivi," alianza, akiwa ameutazama ukuta, "mtu akipita kwa kinyozi wa njia panda, pengine..."

"Nimeshapita, dada. Niliwakuta wanaume wanne benchini, kila mmoja akasema si yeye. Sura yake siijui. Mtu wa kunielekeza simhitaji tena. Nahitaji wa kunionyesha kwa kidole. Aseme ni huyu, mbele yake. Hapo hata akikataa kuipokea nitaiweka miguuni pake, na sheria itasema amepokea."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Niandike tena lile neno, nikalale."

Mzee akaanza kuvaa viatu, kimoja, halafu cha pili, kwa kuguna. Aliposimama, Bi Pole naye akasimama.

Walitembea polepole, kila mmoja na uchovu wake. Bi Pole alimkumbuka ndugu yake akiwa mchanga, jinsi alivyombeba mgongoni wakati mama yuko kazini, mpaka mgongo ukaujua uzito wake hata akiwa hayupo. Alipoanza kutembea, vidole viwili alivyoshika vilikuwa vya dada yake. Tarishi alisimama mara moja kupumua, Bi Pole naye akasimama, akitumaini mzee atasema inatosha kwa leo. Hakusema.

Kwa kinyozi, wanaume wanne walikuwa wamelizunguka bao la drafti, kete zao vifuniko vya soda. Ndani mashine ilikuwa ikinguruma juu ya kichwa cha mteja.

"Babu kaja tena!" mmoja akasema. "Leo unamtaka nani?"

Tarishi akalitaja jina lililo kwenye karatasi. "Ni yupi kati yenu?"

"Sote!"

"Mimi ndiye, mzee. Kama ni barua ya mapenzi nipe, kama ni deni ni huyu jirani."

Wakaangua kicheko, na ndugu yake akacheka nao, kichwa nyuma. Kisha akamwona dada yake nyuma ya bega la mzee. Kicheko kilibaki usoni pake, lakini macho yalikuwa yameshaacha kucheka.

"Dada," alisema kwa upole, kama anavyomwomba chai. "Mwambie babu amepotea njia."

Wote wakamgeukia. Maneno yake ya siku zote yalikuja yenyewe, yakajipanga ulimini: mtu hujijua mwenyewe, ndivyo wanavyosema, tutaona. Aliyameza moja moja. Tarishi hakumhimiza, aliuhamisha tu uzito wake kutoka mguu huu kwenda ule.

"Ni huyu," Bi Pole alisema.

Sauti ilitoka ndogo mno. Kinyozi akaizima mashine.

"Rudia, dada," tarishi akasema. "Nisikie vizuri."

"Ni huyu mwenye shati la mistari. Ni ndugu yangu, mama mmoja, baba mmoja. Alimvunja mkewe mkono mbele ya macho yangu, na nilipoulizwa nikajifanya sikuona. Niliona. Mpe karatasi yake."