Kifaru Kinachopanda Mahali Patupu

Bahizire alikuwa anapiga msasa magurudumu ya kifaru cha vita, kidude cha plastiki cha kuunganisha kwa gundi, juu ya meza ya kulia, nyumbani kwake Kamembe. Mkewe Feza alikikuta ndani ya robota la mitumba kule Bukavu, vipande bado vimeshikana na fremu. Bahizire, mchoraji wa vibao vya maduka, alikipaka kijani, kisha akachubua rangi pembeni ili kionekane kimefanya kazi. Ilibaki tope la kwenye minyororo.

"Mama Delphin, uniletee ka udongo."

Feza, aliyekuwa akivuka mpaka kila asubuhi kwenda Bukavu kuuza samaki, alirudi na udongo ndani ya kopo la nyanya.

"Ulitosha wapi?" Bahizire aliuliza alikoutoa.

"Ningetosha wapi ingine? Mbele ya nyumba yetu ya zamani."

Bahizire aliukoroga na gundi, akaupaka.

Jioni kifaru kikatembea. Kilipita kati ya sahani, kikafika katikati ya meza, palipokuwa patupu, kikainua pua, kikapanda, kikashuka, kikaendelea. Feza alipapasa pale. Mbao zilikuwa na joto la mwili.

"Ni mutoto yangu," alisema, akamimina mboga.

Delphin alikuwa na miaka sita vifaru vilipoingia Bukavu, kimoja kikampitia barabarani mbele ya nyumba. Tume ya kuchunguza vita ilitangaza kwamba hakuna kifaru kilichopita barabara ile. Na wakubwa wakishasema hakuna, basi mwenye kosa ni maiti, kwa kulala barabarani.

Tume ilipokuja Kamembe kusikiliza waliokimbia, Feza alimleta mjumbe mmoja wa tume nyumbani. Alitaka neno moja tu: kilipita. Mjumbe alikunywa chai, akakitazama kifaru kikipanda na kushuka.

"Maman, ni meza. Haiko droit."

Akakunja ripoti yake, akaisokomeza chini ya mguu mfupi wa meza. Meza ikatulia. Kifaru kikapanda, kikashuka.

"Na sasa, Papa?" Feza alimuuliza mjumbe.

"Sasa meza iko bien."

Wiki ile redio ilirudia: hakuna kifaru kilichopita.

Bahizire alichukua kitambaa chenye maji.

"Niitoshe ile tope?"

"Achana nayo, Papa Delphin. Hiyo njo peke yake inakubali kifaru ilipita."

Kila jioni wanainua sahani, kifaru kinapita, wanazirudisha, wanakula. Katikati ya meza hawaweki kitu, hata chumvi.