Posa ya Dakika Arobaini

Mwokaji mikate alikuwa mtu wa taratibu. Mkate haukimbizwi, alizoea kusema, na posa nayo aliona ni hivyo hivyo: iumuke kwanza. Muuguzi aliyempenda alikuwa amehamishiwa hospitali ya mji mwingine, naye akajitolea kumsindikiza. Kwa basi ni safari ya kutwa. Akapanga: asubuhi asimulie utoto wake, mchana ukoo, alasiri tabia zake, na jua likielekea kuzama ndipo atoe posa.

Kumbe hospitali ilimkatia muuguzi tiketi ya ndege. Kilomita mia tatu na ushei, dakika arobaini. Mwokaji akakata tiketi yake, lakini hotuba hakuipunguza hata neno.

Ndege ilikuwa ndogo, ya mapangaboi. Kiti cha nyuma kilikuwa cha watu watatu: muuguzi dirishani, mwokaji upande wa pili, na katikati akajaa mama mmoja mnene, kikapu mapajani.

"Mama, samahani, tubadilishane?"

"Tiketi yangu inasema hapa, mwanangu. Mimi sibishani na karatasi."

Injini zikanguruma. Mwokaji akainama juu ya kikapu. "Siku niliyozaliwa, mvua ilikuwa ikinyesha..."

"Anasemaje?" muuguzi akapaza sauti.

"Anasema alizaliwa," mama akamjibu.

"Hongera zake!"

Alipofika kwa babu yake mzaa baba, ndege ilikuwa juu ya mawingu. Alipofika kwa shangazi wa pili, rubani akatangaza kwamba wanashuka. Mwokaji akatokwa na jasho. Mara hii? Na huko chini gari la hospitali linamngoja muuguzi. Akishapanda, ndio basi tena.

"Una shangazi wangapi?" mama akauliza.

"Watano."

"Waruke. Unataka nini?"

"Nataka... lakini kwa utaratibu, mama..."

"Bibie! Huyu ana jambo, ila lina utaratibu!"

"Jambo gani?"

Magurudumu yakagonga ardhi, kikapu kikaruka. Ndege ikajikokota hadi mbele ya jengo, mwokaji bado anatafuta pa kuanzia. Alipomwona muuguzi anafungua mkanda, akajua maji yamezidi unga. Akavuta pumzi, akapiga ukelele kuzishinda injini:

"NATAKA KUKUOA!"

Injini zilikuwa zimezimwa sekunde hiyo hiyo.

Vichwa vyote vikageuka. Mlango wa mbele ukafunguka, rubani akachungulia. "Nani?"

"Si wewe, baba," mama akamwambia. "Huyu hapa."

Muuguzi alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yakitikisika. Mwokaji hakujua kama analia au anacheka.

"Dada, mjibu basi," rubani akasihi. "Kuna abiria wanangoja kupanda."

Mtandio ukashuka. Macho yalikuwa na machozi, ya kicheko.

"Ndiyo," akasema. "Waambie wapande."

Mwokaji akajinyoosha, akakohoa kidogo ili atoe neno la shukrani. Mama akamziba mdomo kwa kiganja.