Maumivu Yasiyo na Mwenyewe

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba mtihani wetu wa kutoa dawa umeanza, na mtahini ni kinu. Ni kile kinu cheupe cha kaure cha maabara yetu ya famasia, nacho kimevaa tai. Sikushangaa. Sisi tuliosoma shule ya bweni tulifundishwa kuheshimu cheo pasipo kuhoji umbo la mwenye cheo.

Wiki nzima gego langu la kushoto lilikuwa limevimba, nami sikumwambia mtu. Nililibana kwa karafuu, kwa siri. Shilinde, ninayeishi naye chumba kimoja, aliniona nikitafuna upande mmoja akanicheka: mfamasia mtarajiwa anayeziogopa dawa. Nilimjibu kwamba katika shule yetu aliyesimama kwenye mstari wa wagonjwa aliitwa mtegaji, mkwepa kazi, na kwamba mimi sikuwahi kusimama kwenye mstari ule hata asubuhi moja. Tangu hapo ananiita Afande.

Basi kinu kinaniamuru nishike nafasi yangu kwenye dirisha la kutolea dawa. Ninasimama. Upande wa pili wa dirisha yupo mgonjwa wangu, naye ni mimi: kaptula ya shule, soksi zimevutwa hadi magotini, shavu limejaa.

Ninafungua kopo la parasetamo. Kidonge kinatoka chenyewe, kinasimama ukingoni mwa trei na kuuliza, "Tunakwenda wapi?"

Ninakieleza kwa ufasaha. Kitayeyuka tumboni, kitafyonzwa katika utumbo, kitapita kwenye ini, kisha damu itakisambaza mwilini.

"Hayo tunayajua," kinasema kidonge. "Tumeuliza kunauma wapi."

Ninamtazama mgonjwa. Mgonjwa ananitazama.

"Haumwi," ninasema.

"Siumwi," anathibitisha, kwa ukakamavu unaonipendeza.

Kinu kinainama na kusoma lebo iliyobandikwa kifuani mwangu: tikisa kabla ya kutumia. Michi miwili inanishika mabega na kunitikisa, kwa adabu kabisa. Inaponiachia, tumo ndani ya bwalo la chakula la shule yetu ya zamani. Nimeketi kwenye benchi, na kidonge kimeketi mezani mbele yangu, kinasubiri kuelekezwa.

Metroni wa zahanati ya shule anapita na sufuria, anagawa maumivu kwa upawa. Anayekiri kuwa maumivu ni yake anapewa na kidonge juu yake. Anafika kwetu, anainua upawa wenye gego.

"Hili la nani?"

Ninanyamaza. Kanuni ya bwalo letu ilikuwa wazi: chakula kisicho na mwenyewe hupewa aliyekaa jirani. Ninageuka kumtazama jirani yangu. Ni Shilinde, ambaye hata katika shule yetu hakusoma. Metroni anammiminia.

Shilinde ananusa sahani yake. "Afande, hili si langu," anasema taratibu. "Linanuka karafuu."

"Kula," ninamwambia. "Kanuni ni kanuni."

Anakula. Kidonge kinanigeuzia mgongo.

Nilipozinduka kulikuwa kumekucha. Niligusa gego kwa ulimi. Lilikuwa limetulia kabisa. Nilijipongeza, kwani mtihani wenyewe ulikuwa asubuhi hiyo hiyo, na mtahiniwa hutakiwa kumweleza mgonjwa dawa kwa sauti inayosikika.

Kisha nikamwona Shilinde. Alikuwa ameketi kitandani mwake, ameshika shavu la kushoto, na machozi yanamlengalenga.

"Afande, hili jino limetoka wapi?" aliuliza. "Sijaumwa jino tangu nizaliwe. Nami leo nina mtihani."

Akatema kitu kiganjani. Ilikuwa karafuu.

Karafuu zangu zimo ndani ya sanduku langu la bati. Sanduku lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Niliupapasa. Nilipapasa na kufuli. Sikuelewa, na hadi sasa sielewi.

Nilisimama wima, mikono ubavuni, kama kwenye gwaride.

"Ninaumwa," nilisema. "Gego la chini, upande wa kushoto. Wiki nzima."

Shilinde aliachia shavu lake polepole. Alifumbua mdomo, akaufumba, akajaribu tena: jino halikumuuma. Mimi nilihisi shavu langu likianza kujaa, na chumba kizima kikapiga kama moyo.

"Keti, Afande," alisema, akiinuka kutafuta kikombe. "Nikuletee maji umezee dawa."

Nikaketi.