Mahindi Ndani ya Kanisa

Mahindi yalikuwa yameshainamisha vichwa. Upepo ulipopita bondeni majani yalichakarika, na mama yangu, Katungu, alisimama ukingoni mwa shamba akilikandamiza hindi moja kwa kidole gumba. Punje hazikubonyea.

"Imeshakauka," alisema. "Inangoja nini tena?"

Alijua yanangoja nini. Yalikuwa yakingoja treni ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

Kijiji chetu kiko nyuma ya Beni, pale msitu unapoanzia. Mahindi yetu yote yalinunuliwa na Siméon, mwenye kinu cha kusaga unga kule mjini Butembo. Mwaka ule kinu chake kilikufa. Kipya alichoagiza ng'ambo kilishuka bandarini Mombasa, kikapakiwa kwenye behewa, kisha mafuriko yakaibeba reli. Siméon hakuwa na cha kusagia, basi lori lake halikuja kwetu, na depo, yaani ghala la chama cha wakulima, ikabaki imejaa mavuno ya msimu uliopita mpaka kwenye mabati. Mavuno mapya yakawa yamesimama shambani bila pa kuingia.

Baba yangu, Stanislas, alikuwa mwenyekiti wa chama. Alikwenda mpakani, Kasindi, akakaa huko kati ya malori na wabadilisha fedha, ili mashine ikivuka tu aisindikize mwenyewe hadi Butembo. Kabla ya kuondoka aliwaambia wakulima wasivune mpaka depo ifunguliwe, maana mahindi yakirundikwa uani mvua itayaozesha. Lilikuwa neno la busara. Hakujua tu kwamba askari wangehama.

Askari wale wa kilimani ndio waliotufungulia njia ya shambani. Wakiwa hawapo hakuna aliyevuka kijito kwenda shambani, kwa hofu ya wenye silaha wa msituni. Kitsa, mdogo wake mama, alivuka peke yake mwaka uliotangulia, akitafuta mihogo tu. Mwili wake tuliurudisha nyumbani umelazwa juu ya mlango uliong'olewa.

Kamanda alipita kwetu asubuhi moja, akasimama nje ya ua bila kuketi. "Mama, tumepata ordre, amri ya bakubwa. Wiki hii tunahama. Mwenye iko na kitu mu shamba, akitoshe sasa, avune."

Mama alimpigia baba simu palepale. Mimi ndiye niliyeishika, maana mikono yake ilikuwa na udongo.

"Baba Eliane, basoda ba kilimani banaenda."

"Mashine iko bado mu wagon. Banatengeneza reli. Mungoje kidogo."

"Mahindi haijue mambo ya reli."

"Utaiweka wapi, Katungu? Mvua iko kila siku." Kisha akashusha sauti, nyuma yake nilisikia malori yakipiga honi. "Na miye nilishaambia batu. Neno langu utaiweka wapi?"

Mama alijifuta udongo mikononi.

"Neno yako nitaiombea pardon," alisema. "Lakini mahindi, nitavuna."

Alikwenda moja kwa moja kwa Ananie, katekista wetu, akamwomba kanisa. Ananie aliangalia sakafu ya saruji tuliyoimwaga sisi wenyewe, akaangalia madirisha. Hakuuliza kama baba anajua. Alianza kubeba mabenchi kuyatoa nje, na mama alipotaka kujua msalaba wauweke wapi, akasema, "Ubaki. Hauko muzigo kwa mahindi."

Tulivuna kama watu wanaofukuzwa. Wanawake walivunja, wanaume wakabeba, na askari wakatembea pembeni wakila mahindi ya kuchoma. Waliobaki majumbani walikuwa wale walioshikilia neno la baba. Wa kwanza wao alikuwa Syauswa, rafiki yake wa tangu utoto, ambaye shamba lake lilipakana na letu. Mama alimfuata hadi mlangoni pake.

"Syauswa, kuja tuvune. Nafasi iko."

"Président alisema tungoje," alijibu, kwa upole kabisa. "Nikimwacha mu neno lake leo, kesho nani atamusikia?"

Askari waliondoka kabla ya Jumapili. Tukasali nje, chini ya miavuli, na kutoka mlangoni mwa kanisa ilitoka harufu nzito, tamu, ya nafaka. Watu waliimba wakiwa wamelowa. Mama hakuimba. Alikuwa akitazama ng'ambo ya kijito, ambako shamba la Syauswa lilisimama lote.

Siku hizi nauza vitenge Butembo. Mteja akija kulalamika kwamba bidhaa zake zimekwama njiani, namwambia avumilie kama wenzangu wanavyosema, lakini pua yangu inanirudishia harufu ile ya kanisa.

Mwaka ule, mwishowe, mashine ilifika. Siméon alisaga, lori likaja, depo ikafunguliwa. Baba alirudi juu ya lori hilohilo, amekonda, shati limekuwa rangi ya barabara. Alisimama kwenye mlango wa kanisa akayaona mahindi yetu yamefika kimo cha madirisha. Akageuka kumtazama mama.

"Ya Syauswa iko wapi?" aliuliza.

Mama alimpeleka ukingoni mwa kijito. Aliona mwenyewe. Mvua zilikuwa zimeingia ndani ya maganda, na mahindi yalikuwa yakiota majani mabichi yakiwa bado juu ya mabua.

Jioni ile baba alitenga nusu ya mahindi ya nyumba yetu, akayapeleka kwa Syauswa kwa mkokoteni, yeye na mama wakisukuma pamoja. Syauswa aliyapokea. "Wasingya," alisema, yaani asante kwa lugha ya kwetu. Ingekuwa afadhali kama angegomba.

Tangu hapo baba alikuwa akitoka alasiri kukaa juu ya gogo kando ya kijito, akiangalia yale mahindi ya Syauswa yakigeuka meusi na kuanguka, shina moja moja. Mama hakumwita. Alimwekea chakula, akakifunika.

Siku moja nikamwona Syauswa akiteremka kwa njia yake. Alisimama karibu na gogo, mikono nyuma, naye akaangalia ng'ambo.

"Stanislas," alisema mwishowe, bila kumwita Président, "msimu huu tupande maharage kwanza, ama?"

Baba alisogea kwenye gogo, akamwachia nafasi.